Gauni Linalolegea

Wewe ungeiamini mizani iliyosimama kwenye vigae visivyolingana, mguu wake wa nyuma umeegemezwa kipande cha boksi la dawa? Yeye aliyesimama juu yake haiamini, anaitazama kwa jicho lilelile analowatazamia wateja wanaoapa kwamba wameshalipa, maana mshale umepita pale alipoutarajia usimame, ukaendelea kupanda bila haya, na nesi, mwembamba kama mpini wa ufagio, ameinama akasoma, akaguna, akasema, “Dada, hebu shuka, upande tena,” akashuka, akapanda, na mshale ukarudi palepale, tisini na nane, wakati safari iliyopita ilikuwa tisini na nne... haiwezekani, gauni linamlegea! hili hapa, amelishika kiunoni kwa vidole viwili na linavutika, gauni ambalo juzijuzi tu lilikuwa likimkaba mpaka akikaa kaunta anapumua kwa zamu, kwa hiyo nani mwongo hapa, gauni au mizani? gauni halina sababu ya kumdanganya, mizani inayo, daktari alishasema wazi kwamba kilo zisiposhuka sindano za sukari zinaanza leo, na sindano zinauzwa wapi kama si dirisha la dawa lile pale la kwao, mtu hahitaji shahada kuona hilo, na shangazi yake naye alianza na sindano, wakamwambia ni za muda, akamalizia maisha na mguu mmoja... “Dada, usishike ukuta,” nesi anasema, nani kashika ukuta, amegusa tu, huyu nesi naye, ana haraka gani ya kuandika? Ameacha soda, aulizwe muuza duka, ameacha sukari kwenye chai, asubuhi anakwenda kazini kwa miguu kwenye ile barabara ambayo malori yanakufuta bega, halafu kutwa nzima amekaa kwenye kiti cha duka la vifaa vya ujenzi, wabeba saruji wanapita wamekonda kama misumari anayowauzia na kumwita Bosi, “Bosi, risiti yetu!”, bosi gani huyo anayeshindia mkate kwa sababu mkate ndio unaotuliza tumbo kwa hela iliyopo, matunda ni ya wagonjwa na wenye nazo, na mkate umeongezeka kidogo, sawa, tangu aache soda umeongezeka, lakini alistahili, si alikuwa anapungua? mume wake mwenyewe alisema, “Usipungue sana, watu watadhani sikulishi,” akacheka... au yeye hakuona chochote, alisikia tu kwamba mke wake anapungua, alisikia kwa nani? kwa mama. Mama ndiye wa kwanza kusema, “Mwanangu, umepungua,” kabla ya kioo, kabla ya mtu yeyote, na mama yuko pale kwenye benchi, amepakata viatu na mkoba wake, kimya, huyu mama anayemsahihisha hata mtangazaji wa redio, tangu mshale upande hajasema neno, hajamtukana nesi, hajauliza mizani ilinunuliwa mwaka gani, anakitazama kisigino cha kiatu kana kwamba ataulizwa habari zake... kwa nini? Vidole bado viko kiunoni, vinateremka ubavuni, vinapita juu ya mshono, na nyuma ya mshono, upande wa ndani kidogo, kuna safu ya vitobo vidogo vidogo, mahali ambapo uzi ulikaa ukaondolewa, na pembeni yake safu nyingine, na mama ni fundi cherehani, magauni yote kamshonea yeye, siku zote huacha kitambaa kinene cha akiba ubavuni, “sisi hatukatwi kwa kipimo cha leo,” husema, na nguo zote hupitia kwake kufuliwa, na Jumamosi ile alipomkuta ameinamia cherehani, uzi midomoni, aliuliza “unashona nini, mama?” akajibiwa, “Pindo tu limefumuka,” pindo, pindo la gauni lililo sawa... na lile la bluu? na la kazini? yote yalianza kulegea wiki moja, yeye akafurahi, akakata kipande kingine cha mkate, kumbe pale chumbani asiyekuwa na sababu ya kumdanganya ni hii mizani yenye kiraka cha boksi. “Nimwite daktari?” nesi anauliza. “Subiri kidogo,” anasema, hashuki, vigae vina baridi chini ya nyayo. “Mama. Hili gauni umelifanya nini?” Mama anavigeuza viatu mapajani, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto. “Ulikuwa unalia kila asubuhi mbele ya kabati,” anaviambia viatu. “Kazini hutaki kwenda, kula hutaki, kusema na mtu hutaki. Ningefanyaje? Nimeyafumua ubavuni, mwanangu. Yote. Mimi ndiye niliyeyatanua.”