Vitofali vya Gerson

Plastiki ilipoanza kutokota ndani ya nusu pipa, Mektilda alijifunga kitenge puani akaendelea kukoroga. Nyuma ya choo, mumewe Gerson akakohoa. Mektilda hakugeuka. Walikuwa wamemzika siku arobaini zilizopita, na kila moshi mweusi ulipopanda juu ya Mtendeni, kikohozi kilirudi.

Gerson ndiye aliyebuni vitofali hivyo: chupa za jalalani akaziyeyusha, akazichanganya na mchanga, na juu yake akapanga vizibo vya rangi kama manyoya ya kanga. Watu wa mradi walivipenda. Wakamwagiza atandaze njia nzima mbele ya ofisi yao, mtaa wa Kanyenye. Jiko lenye bomba la moshi na barakoa vingefuata, walisema. Alitema damu miezi minne akivisubiri.

"Pole na kazi," alisema Raymundi, msimamizi wa mradi, akiwa amesimama mbali na moshi. Alikuwa na karatasi. "Weka dole gumba hapa."

"Imeandikwa nini, baba?"

"Kwamba marehemu alikuwa na kifua kikuu kabla hatujamfahamu."

"Alipimwa mara mbili. Hakuwa nacho."

"Mama, wageni wafadhili wanakuja Alhamisi. Pipa na kalibu ya kufyatulia ni mali ya mradi. Usipoweka, tunavibeba leo."

Mektilda alitazama mlangoni. Ndani, binti yake Koleta alikuwa amelala na kichanga cha siku tisa, na unga wa leo ulitegemea vitofali vya leo. Kikohozi kikasogea, kikasimama begani pake. Raymundi alifungua kidau cha wino. Hakikuhitajika, kidole kilikuwa cheusi tayari.

Alhamisi Mektilda alisimama kando ya njia ile ya ofisini, mikono nyuma. Bibi mmoja wa kizungu alichuchumaa, akapapasa vizibo, akauliza jambo. Raymundi akamsogeza Mektilda mbele.

"Anataka kujua nani alibuni urembo huu."

Chini ya viatu vya wageni kifua cha Gerson kilikuwa kikikwaruza, kitofali hadi kitofali. Ajabu, hakuna aliyeinua mguu.

"Mume wangu," Mektilda akasema. "Ameuawa na moshi wa vitofali hivi. Na mimi nimeweka dole kwamba siyo."

Raymundi alitabasamu, akatafsiri kwa Kiingereza, maneno mengi kuliko ya Mektilda. Yule bibi akaweka mkono moyoni, akamwinamia. Wageni wote wakapiga makofi. Mektilda, asijue la kufanya, naye akapiga.

Mpiga picha akamwomba apige tena, safari hii akicheka.