Mwenye Chembe

Damari alikuwa uani anapepeta mtama, jua limeshainama, mumewe Gervas alipoingia akitokea kaburini. Akaomba maji. Damari akampa kata nzima. Maji yakamvujia ubavuni, pale penye tundu, yakalowesha pumba.

“Umeniharibia pumba za kuku,” Damari akamwambia.

“Nisamehe, mama Rahel. Niitie Eliya mhunzi.”

Kijijini ilisemwa kwamba Gervas aliangukia kisiki porini. Kaka yake mkubwa, Alute, ndiye aliyembeba mabegani kumrudisha, na kabla matanga hayajaisha alikwishapanda alizeti kwenye shamba la marehemu. Damari hakutaka makubwa. Alitaka aliyemuua mumewe ajulikane, shamba lirudi, watoto wale.

Eliya akaja na mfuko wa vyembe, vile vyuma vya kichwani mwa mshale, akavimwaga juu ya gunia.

“Kitendawili, mama.”

“Tega.”

“Mfupi kuliko kidole, lakini nyati mzima ni wake.”

“Chembe,” Damari akajibu, akacheka kidogo. Nani asiyejua? Wawindaji wakirusha kwa pamoja, nyama ni ya yule ambaye chembe chake kimekutwa ndani.

Gervas akaanza kujipima kimoja kimoja kwenye lile tundu la ubavuni. Chembe kipana kama jani la mbaazi, kile kinachokata mishipa vizuri ila upepo hukiyumbisha, kiligoma mlangoni. Chembamba cha kutobolea mfupa kikachezacheza kama jino la bibi. Cha tatu kilikuwa na miiba miwili, mmoja umekatika ncha. Hicho kikaingia, kikatulia kama kizibo kwenye kibuyu.

“Cha Alute hicho,” Eliya akasema. “Kanipa jana nikinoe.”

Kesho yake jioni wazee wakaitwa. Alute naye akaja.

“Shikamoo, kaka,” Gervas akamwamkia.

“Marahaba. Huko hamjambo?”

“Hatujambo.”

Alute akainama, akakitazama chembe. “Ni changu, sikatai.”

Damari akashusha pumzi.

“Basi na windo ni langu,” Alute akamalizia.

Wazee wakanong’onezana kwa Kinyaturu. Kila mmoja wao alikuwa amekula nyama kwa mila hiyo hiyo, sasa ataikataaje? Wakaamua Gervas ni wa Alute, pamoja na shamba. Hakuna anayepewa mnyama akanyimwa ngozi.

Alute akakichomoa chembe chake kwa kukizungusha polepole, kama mtu aliyewahi kukichomoa hapo hapo.

Siku hizi Gervas yuko kwenye alizeti ya kaka yake, anafukuza ndege. Upepo ukipita ubavuni mwake hupiga mbinja, ndege wakatawanyika. Alizeti imestawi kweli kweli. Damari humpelekea uji, lakini husimama mpakani kwanza, apige hodi mpaka Alute amkaribishe.

Juzi alimzibia lile tundu kwa kipande cha kanga, uji usipotee. Alute akakivuta, akamrudishia mkononi.

“Shemeji, usinizibie. Ndege watarudi.”