Ndani ya Ukuta wa Kanisa

Shangazi yangu Attracta alijifungua mtoto wa kike Februari ya mwaka 1957, na mtoto akakata roho kabla padri hajafika kumbatiza. Siku hizo, pale kijijini kwetu Kilvarra, mtoto asiyebatizwa hakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Alipelekwa kimyakimya kwenye kiwanja cha miiba nje ya ukuta, bila misa wala msalaba. Mumewe, Fintan, alimbeba kichanga ndani ya kisanduku cha majani ya chai. Alirudi viatu vimejaa tope.

"Nimemlaza," alisema.

Kwa miaka thelathini na minane, kila Jumapili misa ikiisha, shangazi alitoka nje ya ukuta akapiga magoti penye miiba, mvua inyeshe isinyeshe. Fintan alimngoja langoni.

Mapafu yalipomshinda, Fintan alimwita mkewe kitandani. Mimi nilikuwa nawamiminia chai.

"Attracta, mtoto hayuko kule nje."

"Yuko wapi?"

"Kwa mama yangu. Nilifukua kaburi lake, nikamweka juu yake."

Kaburi la mama mkwe lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Shangazi alikuwa akilipita kila Jumapili.

"We Fintan! Umeniona napiga magoti topeni miaka yote hiyo, umenyamaza?"

"Ungeungama kwa padri. Wangemtoa."

"Padri yule si alikufa mwaka wa sabini na moja!"

"Najua." Akageukia ukuta. "Baadaye nikaona haya. Kila Jumapili nasema, leo nitamwambia."

Shangazi alitoka akasimama uani bila koti. Nilipomfuata, alinisukuma. Siku mbili hakumsemesha mumewe, ingawa alimlisha uji kwa kijiko na kumbadilishia mashuka. Siku ya tatu Fintan akafa, shangazi yuko jikoni anamchemshia yai.

Malachy, mchimba kaburi, alikuja kuuliza achimbe wapi.

"Kwa mama yake," shangazi alimjibu. "Ila usichimbe kwa nguvu, Malachy. Kuna mtoto pale."

Malachy alivua kofia.

Waombolezaji walipoondoka, tulibaki wawili tukiosha vikombe. Shangazi akaacha mikono ndani ya maji.

"Ningemwambia kweli," alisema. "Padri. Wakati ule nilikuwa namwambia kila kitu."

Hapo ndipo alipolia.