Sitaki Kusomewa

"Bonyeza tena," nikamwambia Shangazi.

Akabonyeza. Kompyuta ikanyamaza kama mtu aliyenuna. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande wa spika, vidole vyake havijaondoka kwenye kibodi, na mimi niliyesimama nyuma ya kiti chake nilikuwa naiona sentensi nzima kwenye kioo. Kwake kioo hakikuwa na faida. Macho yake yalizimika miaka sita kabla ya siku ile, na tangu hapo alikuwa akisoma kwa masikio: programu ndogo ya sauti ilimtamkia kila mstari, naye akatafsiri vitabu vya sayansi vya shule, ukurasa kwa ukurasa, bila kumwomba mtu.

"Imekufa?"

"Haijafa, Shangazi. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, mifumo mikubwa ya kuendeshea kompyuta ilishaikataa siku nyingi. Mfumo pekee ulioiweza ulikuwa mmoja mdogo, unaotunzwa kwa kujitolea na wakaidi wachache waliotawanyika duniani. Mimi, fundi wa printa kwa ajira na mkaidi kwa damu, nilikuwa nimejipa kazi ya kuihamishia programu ya sauti kwenye mfumo huo. Programu ilikuwa huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha. Lakini waliouandika waliwaza mifumo mikubwa tu. Kila toleo jipya lilikuja kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Nilipunguza hapa, nikaongeza pale, nikatia viraka mpaka likae, kisha nikawatumia wenye mradi wa programu ile viraka hivyo ili toleo lijalo lisinirudishe mwanzo.

Mwaka ule mkuu wa mradi alitangaza kwamba mifumo isiyo na watumiaji itaondolewa kwenye programu. Wetu ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Tulipewa siku kumi: kiraka kinachofanya kazi, au tufutwe. Nilikiandika kwa siku nne, saa za chakula cha mchana, mgongo kwa wenzangu. Kwenye kompyuta yangu programu ikazungumza vizuri kabisa. Nikakituma kwa mbwembwe, nikaenda moja kwa moja kwa Shangazi, nikaupandisha mfumo wake hadi toleo jipya, nikafuta toleo la zamani la programu, nikaweka lenye kiraka changu.

Kumbe kompyuta yangu ilikuwa na faili moja ya sauti iliyosalia kutoka toleo la nyuma. Programu mpya iliikuta pale ikaitegemea, nami nikajisifu. Kwa Shangazi, nilikosafisha kila kitu, haikuikuta. Kila anayefanya kazi hii anaijua sheria: jaribu kwenye mashine tupu. Niliijua. Niliiruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha wenye mradi. Na kurudi nyuma hakukuwezekana, maana toleo la zamani lisingekubaliana na mfumo nilioupandisha. Ilikuwa Jumatatu. Mchapishaji alizitaka sura tatu za mwisho Ijumaa, la sivyo kazi apewe mtu mwingine, "mwenye macho," kama alivyosema bila haya.

Binamu yangu, mwanawe, alitusikia akaingia. Si mtu mbaya. Aliweka mkono begani kwa mama yake.

"Mama, imetosha sasa. Nitakuwa nakusomea mimi nikitoka kazini."

"Nikisomewa, nasubiri," Shangazi akasema. "Nikisoma, nafanya kazi. Sitaki kusomewa." Kisha akanigeukia. "Na wewe usisimame hapo kunipumulia kisogoni. Kalete kompyuta yako, ukae mezani kwangu nikusikie."

Barua pepe ya mkuu wa mradi iliingia nikiwa bado naunganisha nyaya. Kiraka hakifanyi kazi kwenye mashine safi, aliandika. Na hivi, mfumo huu unatumiwa na nani?

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Niliomba ruhusa kazini, nikaifuta kompyuta yangu ikawa tupu kama imetoka dukani, nikaanza kuiunda programu upya. Mara hii kosa lilijitokeza mchana kweupe: kipande kizima cha kuongea na spika hakikuwepo kwa ajili yetu. Nikakiandika. Jumatano saa tisa alasiri nikaiweka kwenye kompyuta ya Shangazi; sauti ikakoroma, ikakohoa, ikatoka. Shangazi hakusema asante. Alichapa sentensi yake ya kwanza, na kompyuta ikaitamka bila kutafuna: "Mkuu wa mradi ana kichwa kigumu."

Nilituma kiraka pamoja na maungamo ya kosa langu. Mkuu alijibu kwa adabu: kazi ni nzuri, ila mtumiaji mmoja si watumiaji. Shangazi akanisukuma pembeni, akamjibu mwenyewe.

"Bwana, mimi ndiye huyo mmoja. Sikuwahi kuomba kibali cha kuwepo."

Walitufuta kesho yake. Ijumaa saa nne asubuhi, Shangazi alikabidhi sura zote tatu.

Nilikuwa na hasira, na sijutii kuwa nayo. Nilifungua ukurasa wangu, nikaviweka viraka pale, na tangu siku ile kila walipotoa toleo nililichukua, nikalitia viraka, nikalijaribu kwenye mashine tupu, nikaliweka wazi kwa atakayetaka. Kwa miaka miwili nilimfanyia mwanamke mmoja. Wenzangu walinicheka kwamba natwanga maji kwenye kinu, nami nikaendelea kutwanga.

Jumamosi moja asubuhi ikaja barua kutoka kwa mtu nisiyemjua. Haikuwa na salamu. Toleo lako linameza nukta, aliandika, sentensi zinaungana kama treni. Nasahihisha mitihani nalo kila siku na limenichosha. Rekebisha.

Nilimsomea Shangazi mara mbili. Kila siku, mtu yule alikuwa ameandika. Alikuwepo muda wote huo.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

"Ana haki. Hata mimi hizo nukta zinanikera, nilikuwa nakuonea huruma tu." Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mjibu kwanza. Halafu urekebishe."