Waliozidisha Masaa Manne

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Nukta alitua kikombe chake cha chai juu ya kabati la mafaili, akageuka, akaona bibi mmoja amekaa kwenye benchi la korido. Viatu kavua, kadi ya hospitali mkononi, namba mia moja na kumi na mbili.

Nukta ni jina walilompa hapohapo ofisini, kwa sababu haachi sentensi wazi. Kazi yao ni kuigiza foleni ya hospitali ndani ya kompyuta: wagonjwa wa kubuni wanaingia, wanasubiri, wanamwona daktari, wanaenda zao. Fundi anaandika programu. Nukta anaandika maelezo, kila kanuni ya modeli kwa maneno ya kawaida. Kisha fundi wa pili, ambaye haruhusiwi kuiona programu, anaijenga modeli upya kwa kusoma maelezo tu. Majibu yakifanana, bosi anatia sahihi.

Safari hii hayakufanana. Kwa Fundi, foleni iliisha saa tisa alasiri. Ile iliyojengwa kwa maelezo haikuisha kabisa.

"Bibi, shikamoo. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Daktari. Nimesubiri masaa manne, mara nikajikuta hapa."

"Umetokea kwenye modeli yetu?"

"Sasa nitokee wapi tena, mjukuu wangu?"

Kufika mchana walikuwa kumi na saba, wamebanana. Mfagizi aliwaomba wanyanyue miguu, akapiga deki, wakaishusha.

Nukta akamwendea Fundi. "Shemeji, kuna kanuni hukuniambia."

Fundi alifikicha macho. "Aah, ile. Wagonjwa walikuwa wanajaa mpaka kompyuta inaganda. Nikaweka, akizidisha masaa manne, mfute. Ilikuwa ya muda tu."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Wamejaa kwenye korido."

"Nawajua. Mmoja kaazima chaja yangu, hajarudisha."

Nukta akarudi mezani, akaongeza sentensi: *Mgonjwa akizidisha masaa manne anafutwa, na anahesabiwa kuwa amehudumiwa.* Fundi wa pili akajenga tena. Majibu yakafanana, saa tisa kamili.

Ripoti ilikuwa inaondoka Ijumaa kwenda hospitalini. Ilisema kliniki ya miguu, ambayo ndiyo foleni waliyoiigiza, inatoshwa na daktari mmoja, wa pili ahamishwe. Mama yake Nukta huenda kliniki hiyo kila mwezi.

Bosi alisoma taratibu, kidole juu ya mstari. "Majibu yamefanana, binti yangu?"

"Yamefanana. Lakini hiyo sentensi, bosi. Foleni haiishi. Sisi ndio tunaifuta."

"Nimeiona. Umeiandika vizuri sana, kwa kweli. Ihamishie kiambatisho cha tano."

"Kiambatisho cha tano hakuna anayekisoma."

"Ndiyo maana tunacho," bosi alisema, akapiga mwayo, akatia sahihi. "Na wale wa nje wapewe chai. Tusionekane watu wabaya."

Nukta akaihamisha. Alipomaliza akaenda kuchemsha maji.

Daktari wa pili alihamishwa mwisho wa mwezi. Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, Nukta alitoka na birika, akianzia mwisho wa benchi kama kawaida. Wa nne kutoka mlangoni alikuwa mama yake.

"Mama."

"Usinipigie kelele, mguu unawaka. Nilikuwa wa mia na sita. Nimesubiri masaa manne, mara nikajikuta hapa." Mama akaangalia dari, akaangalia sakafu. "Kumbe ndipo kazini kwako hapa? Mbona pembeni kuna vumbi?"

"Mfagizi anapita saa sita."

"Haya. Sukari kidogo tu."

Nukta akampa chai, akapiga magoti akamvua viatu, akavipanga chini ya benchi pamoja na vya wenzake. Kisha akaingia ndani, akafungua kiambatisho cha tano. Sentensi ilikuwepo palepale, sahihi, imefungwa vizuri kwa nukta.

Akajaza fomu ya kuomba benchi la pili. Bosi aliipitisha siku hiyohiyo.