Karatasi ya Tata Badibanga

Programu ilikufa tena, mara ya saba asubuhi ile, na mzee wetu, Tata Badibanga, alikuwa amekaa mbele yangu, kofia magotini. Karatasi za watu wengine zilifunguka vizuri kwenye skrini. Ya kwake tu ndiyo iliyojaza kumbukumbu ya kompyuta mpaka madirisha yote yakajifunga.

Ulikuwa mwaka 2014, katika chumba cha parokia, mtaa wa Manika, hapa Kolwezi. Mimi, Rachelle Mianda, niliiandika programu ile kwa Python, na kiburi chote cha mtu aliyejifunza peke yake. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu waliopotezana mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Kolwezi wakalundikana kwenye gare majuma kwa majuma, wakingojea treni. Parokia za Mwene-Ditu, huko Kasai walikopelekwa, zilituletea karatasi zao; programu ililinganisha majina na nyumba, ikaunganisha jamaa na jamaa, kila mmoja na picha yake.

Tata Badibanga alikuwa akioka mikate Dilala, mtaa mwingine wa Kolwezi, kabla ya kufukuzwa. Aliporudi alinitajia mtu mmoja tu: "Nilipoteza mama pa gare." Nikaandika: mama, Ntumba, na nyumba yao. Kwenye umri nikaweka themanini na ushei bila hata kumwuliza, na moyoni nikasema huyo amekwisha kufa zamani, mzee anajisumbua bure. Naona haya hadi leo.

Kwanza nilizilaumu picha. Nikazipunguza, nikahakikisha kila dirisha likifungwa picha yake inaachiliwa. Wapi! Mwishowe niliongeza mstari mmoja wa kunionyesha jina la kila karatasi inayofunguliwa, nikabonyeza. Badibanga. Ntumba. Badibanga. Ntumba. Majina yakashuka hivyo hivyo skrini nzima, kisha programu ikafa.

Ilikuwa inamtafuta mama wa Badibanga; ikimpata Ntumba, inamtafuta baba yake; na baba yake ni Badibanga. Nikacheka. Mtu amzae mama yake mwenyewe! Halafu kicheko kikanikatika.

Maana nyumbani kwetu baba hakuniita Rachelle hata siku moja. Nilibeba jina la mama yake, Mianda, basi nilikuwa mama. "Mama, kuya tukule," alikuwa akiita, bukari, ugali wetu, ikifuka moshi mezani, nami, kitoto cha miaka sita, nilikuja kwa maringo, nikingoja nipishwe. Loo, nilivyomkumbuka baba pale! Jambo nililolelewa nalo, nimelisahau mbele ya mashine.

"Tata," nikauliza polepole, "ule mama ulipotezaka pa gare, alikuwa na myaka ngapi?"

"Tano," akajibu, akishangaa kwamba sikujua. "Ni mutoto yangu wa kwanza. Nilimupatia jina ya mama yangu."

Nikaifungua karatasi ya Ntumba peke yake. Ilikuwa imetoka Mwene-Ditu, imekaa ndani ya programu miezi mitatu. Ntumba, miaka ishirini na sita, mshonaji, anamtafuta baba yake, Badibanga, aliyeoka mikate Dilala. Chini kulikuwa na namba ya simu.

Nilipiga. Sauti ya mwanamke ilipoitika, nikamweleza kwa maneno machache, nikampa mzee simu. Alisimama. Akaishika simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "ulikula?"