Ziwa la Kazija

Hisham alimtambua kabla hajafika. Hilo lijulikane mapema, asije mtu akamtetea kwamba miaka ishirini ni mingi, sura hubadilika, jua lilikuwa kali. Hakuna cha jua. Alimtambua tokea mbali, kwa ule mwendo wake wa kutupa bega la kushoto, akisukuma mkokoteni katikati ya abiria walioshuka botini. Kificho. Kificho wa mtaa wa Kiponda, aliyekula naye sahani moja tangu hawajajua kufunga vifungo vya mashati yao, wakasoma chuo kimoja cha Kurani na kuchapwa kwa bakora moja.

Mwaka ulikuwa 2005, na Hisham hakuwa ametia guu Unguja tangu alipohamia Maskati mwaka 1985. Wala hakuja matembezi. Alikuja kumposea mwanawe Mazin, aliyefuatana naye, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye tangu alipomwona Hind harusini kule Maskati, hali wala halali. Baba yake Hind, Bwana Himid, alikuwa mtu wa Wete aliyeoa Kiponda, na alikuja bandarini mwenyewe kuwapokea, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Sasa huyu Himid, miezi yote ile, Hisham alishamjaza maneno kwenye simu: sisi ukoo wetu hivi, nyumba yetu vile, hatukuwa watu wa kuchanganyika na kila mtu.

Basi Kificho akauacha mkokoteni, akaja mbio, mikono wazi, jasho linamtiririka.

"Hisham! Hisham wa Bi Rawiya!"

Hisham akamtazama Himid, akaitazama ile fulana iliyotoboka, akajitia hamnazo.

"Umenifananisha, bwana," alisema.

Mikono ya Kificho ikashuka. Akaomba radhi, ndiyo, yeye ndiye aliyeomba radhi, akasema macho yake siku hizi hayamsaidii. Na kwa kuwa Himid alikuwa akitafuta mchukuzi, akampa yeye mizigo. Akaisukuma yote mpaka Kiponda, wenyewe wanatangulia mbele wanazungumza, na Hisham hakugeuza shingo hata mara moja. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, anamwogopa mwenye mkokoteni!

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wakakaa barazani kwa Himid kwa ajili ya posa. Halua ikaletwa, kahawa ikamiminwa, mazungumzo yakawa mazuri. Mazin alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Kisha akaingia Bi Kulthum, mama mkwe wake Himid, bibi yake Hind, mzaliwa wa mtaa ule ule. Akapokea shikamoo zake, akakaa, akamwuliza Hisham swali moja tu. Mtoto huyu alinyonya wapi?

Hisham akakitua kikombe cha kahawa kabla hajakimaliza. Maana jibu alikuwa nalo. Mazin alipozaliwa, mama yake alishikwa na homa iliyomlaza miezi miwili, na aliyemchukua mtoto akamnyonyesha pamoja na wake alikuwa Kazija, mkewe Kificho. Usiku na mchana, bila ya kuombwa mara mbili. Mazin hakuwahi kuambiwa. Kule Maskati lilikuwa jambo la kuliwacha lilale.

Ikambidi aseme. Alisema kwa sauti ndogo, na Mazin akainua kichwa akamtazama.

Bi Kulthum akashusha pumzi. Ndilo alilokuwa akilihofu, alisema, maana Hind alipozaliwa, Hisham keshahama, mama yake alipasuliwa, na siku kumi yeye Bi Kulthum alikuwa hospitali akimwuguza mwanawe, Himid yuko Wete, kitoto kipo kwa huyo huyo Kazija. Kazija alikuwa bado ananyonyesha. Na kila mtu pale barazani alijua sheria: waliokunywa ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani, wapendane wasipendane. Kazija alikwishafariki, miaka mitatu sasa. Aliyebaki wa kulijua jambo hili alikuwa mumewe.

"Yule mchukuzi wa bandarini," Bi Kulthum alimwambia Himid. "Kamwite."

Himid akamtazama Hisham. Ni mtu wa heshima zake, lakini alimtazama muda mrefu. Hisham akatamani ardhi ipasuke immeze palepale, na halua yake mkononi.

Kificho alikuja amekoga, kavaa kanzu ya zamani na kofia safi. Akakaa mwisho wa baraza, karibu na viatu. Bi Kulthum akamweleza, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Kazija hakumnyonyesha Hind," alisema. "Mtoto alikuwa akilia na Kazija maziwa yanamwagika, mimi mwenyewe nkamwambia mpe tu. Akakataa. Kanambia, Kificho, nshamnyonyesha mtoto wa Hisham. Hisham hatotutupa, hapa kwao, atarudi na mwanawe. Na huyu ni msichana wa mtaa. Wakija wakapendana, ntakuwa nimewafungia mlango mimi. Basi nkawa nakwenda Mwanakwerekwe kila alfajiri kutafuta maziwa ya mbuzi, na yeye anamlisha kwa kijiko. Siku zote kumi. Naapa mbele yenu."

Bi Kulthum akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Himid akasema alhamdulillahi, na kwamba kwa upande wake hakuna tena pingamizi, mtoto wamepewa.

Hilo ndilo neno alilolifuata Hisham kuvuka bahari, na lilipofika hakuwa na uso wa kulipokea. Mazin alikuwa keshanyanyuka. Alipita mbele ya baba yake bila ya kumwangalia, akaenda kupiga magoti pale penye viatu, akaushika mkono wa yule mzee wa mkokoteni akaubusu. Jana aliiacha mizigo yake isukumwe na huyu. Mazin alikuwa akilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hisham akasimama. Kama kuna lolote la kumsifu siku ile basi ni hili, kwamba alisema mbele ya wote wale, mkwe na mwana na bibi.

"Kificho, nisamehe. Jana nilikujua. Nilikujua tangu uko mbali."

Kificho alikuwa bado ameushika mkono wa Mazin.

"Nnajua," alijibu taratibu. "Nilikuona ulivyonijua. Ndiyo maana sikukwita mara ya pili."